Sharti la Lugha ya Kigeni

Karatasi ni ya manjano, imekunjwa mara nne,
nimeikalisha chini ya kikombe isijikunje tena.
Saa kumi na mbili asubuhi, Fargo, Januari, bado giza,
theluji imefika kiunoni mwa sanduku la posta,
nami nimetoka kuwageuza wazee vitandani usiku kucha.

Shahada ya Mawasiliano ya Umma, wameandika.
Krediti mia na ishirini, thelathini na sita ndani ya fani.
Wastani usipungue mbili nukta tano
kabla hujaruhusiwa hata kubisha hodi.
Insha ya kwanza, insha ya pili, takwimu,
mtihani wa sarufi: ukianguka mara mbili, tafuta fani nyingine.

Nilidhani hodi ni bure.

Bwana Halvorsen, mshauri, ana ndevu nyekundu
na subira ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu.
"Una uzoefu wowote wa utangazaji?"
Miaka sita, nikamwambia, redio ya jamii, Uvira,
matangazo ya vifo, saa saba mchana.
Watu waliacha vijiko hewani kunisikiliza.
Nilijua pa kupumua
kati ya jina la marehemu na jina la mjane,
maana ukipumua vibaya unamzika asiyekufa.
Akaandika kitu. Akaomba cheti.
Kabati la vyeti, nikasema, liliungua pamoja na ukuta wake.
Akafuta alichoandika.
Basi nitaanza na Utangulizi wa Utangazaji, krediti tatu:
jinsi ya kushika kipaza sauti.

Mgeni siku mbili; ya tatu nimepewa jembe,
na jembe lenyewe lina ada ya maabara.

Halafu hili: lugha ya kigeni, mihula miwili,
au mtihani wa kuthibitisha.
"Kigeni kwa nani?" niliuliza.
Hakucheka. Kisha akacheka.
Kihispania kipo. Kijerumani kipo. Kinorwe kipo,
kwa ajili ya babu zake.
Kiswahili hakipo, ila kanuni inaruhusu mtahini wa nje.
Akapiga simu kaunti, kaunti wakamtupa hospitali,
hospitali wakasema tunaye mmoja, hodari,
hututafsiria wodi ya wazazi, andika namba.
Akabonyeza.
Mfukoni mwangu simu ikaanza kutetemeka.

Nilitamani kuipokea.
Nijiulize kwa sauti kavu jina langu,
umri wangu, wingi wa ufunguo,
nijikaripie kidogo, kisha nijipe mia.

Wakampata mchungaji mstaafu, yuko Nebraska,
alihubiri Dodoma enzi za ujana wake.
Kiswahili chake kimepigwa pasi, mikunjo yote mahali pake.
Nikamwambia, mama yangu iko Uvira.
"Yuko," akasema, kwa upole wa kuua.
Najua, Mchungaji. Lakini nikimwambia mama "yuko"
ataniuliza nimeanza kuringa lini.
Kimya kirefu kwenye waya. Nadhani alikuwa anaandika.

Themanini na mbili kwa mia.
Kumi na nane zimekatwa kwenye ngeli.
Zile kumi na nane ndizo za kwetu, sikuzikatia rufaa.

Sharti hilo sasa lina alama ya vema.
Bado saa mia na hamsini za mafunzo kwa vitendo, bila malipo
(na wazee, nani atawageuza?),
bado insha, maneno mia tano:
kwa nini unataka kusoma fani hii.
Wiki tatu nimeandika, nimefuta.
"Tangu utotoni nimekuwa na ndoto." Uongo.
Utotoni nilitaka kuuza vitenge.

Leo saa nane usiku, chumba cha kumi na moja,
Bibi Torkelson ameaga.
Nimemfunga kidevu, nimefungua dirisha kidole kimoja.
Nimevuta kikombe, nimegeuza karatasi, nyuma ni tupu.
Tunasikitika kutangaza, naandika,
kisha nasoma kwa sauti, jikoni, friji ikinguruma:
jina lake, mji alikozaliwa,
napumua

na jina la binti yake, aliye njiani, barabara ina barafu.